Agizo la Kufuta Kanda

Nilikuwa likizo ya kidato cha tatu, baada ya muhula mrefu wa maharage na sala, nilipopata heshima ya kushuhudia namna watu wazima wanavyoendesha mambo yao. Shule yetu ya bweni inatufundisha kusimulia habari za wakubwa kwa adabu. Nitajaribu.

Shangazi yangu Milembe ni mtunza kanda katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Mzee Ngeleja, hapa Bariadi. Miaka michache iliyopita mzee alikwenda mnadani Dar es Salaam kununua jenereta, akarudi na mainframe, kompyuta kubwa kama makabati matatu ya nguo, ambayo benki fulani ilikuwa inaitupa. Wenzake wana ng'ombe. Yeye ana mainframe. Ndani yake mna majina ya wakulima wote wanaomletea pamba, kuanzia Zagayu mpaka Kalemela, pamoja na mashamba yao na mbegu walizochukua. Kila mwisho wa wiki shangazi hunakili majina hayo kwenye kanda, vile vikasha vya plastiki vyenye utepe ndani. Huandika tarehe juu ya kila kikasha kwa kalamu ya wino mzito, kisha huvipanga kwenye rafu. Mashine ikifa, kanda ndizo zinazorudisha kila kitu.

Ndipo akaja meneja mpya, Bwana Danford, mtu anayefunga tai hata saa nane mchana. Aliona rafu imejaa, akagundua jambo ambalo sisi wajinga hatukuwa tumeligundua: badala ya kununua kanda mpya, za zamani zifutwe zote, zitumike upya.

"Bosi, tukizifuta zote, mashine ikifa tutarudisha nini?" aliuliza shangazi.

"Mashine hii haijafa tangu nifike."

"Umefika juzi, bosi."

Jibu lilikuwa sahihi, na kwa hiyo halikumsaidia. Kazi ikaondolewa mikononi mwake. Kwenye ubao wa matangazo pakabandikwa amri: KANDA ZOTE ZIFUTWE LEO. MTEKELEZAJI: MASALU.

Masalu ni tarishi wa ofisi, mzaliwa wa Ipililo, mtu ambaye ukimwambia kaa hapo atakaa mpaka umkumbuke. Nilipompelekea shangazi chakula, nilimkuta Masalu kwenye chumba cha mashine, amekunja mikono ya shati, ana kitambaa na chupa ya spiriti.

"Mwadila, Valeria."

"Mwadila, kaka Masalu. Unafanya nini?"

"Nafuta kanda. Ona vumbi hili! Bosi ana macho, kweli."

Mtoto mwenye malezi bora angemweleza kwamba meneja alimaanisha kufuta vilivyomo ndani. Mimi nilimtazama kwa uzito wote wa kiranja wa usafi.

"Usiruke hata moja," nikamwambia. "Meneja anachukia uchafu."

"Nitaruka wapi? Spiriti hii inatoa mpaka madoa ya wino."

Madoa ya wino yalikuwa tarehe za shangazi.

Nilimweleza shangazi nyumbani. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanishika bega. "Spiriti imeingia ndani?"

"Sijui."

"Basi na wewe usijue mbele za watu, ng'wana wane, mwanangu. Mpaka tuone."

Hatukungoja sana. Wiki ileile umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaua diski za mashine. Msimu wa kununua pamba ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na hakuna mkulima hata mmoja aliyebaki ndani ya lile dude. Mzee Ngeleja akawaita wahusika chumba cha mashine. Mimi sikuitwa, lakini nilikuwa nimebeba chupa ya chai, na chai huingia popote.

Bwana Danford alikuja na kompyuta yake ndogo imefunguliwa. Barua ya kumfukuza shangazi ilikuwa tayari kwenye kioo. Mtu mchapakazi.

"Mzee, hakuna cha kurudisha," alisema. "Kanda zipo chini ya huyu mama, na zimefutwa. Ameziharibu zote."

"Samahani, bosi," Masalu akasema, kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa sifa. "Nilizifuta mimi."

"Ulifuta data zote?"

"Vumbi lote, bosi. Data sikuziona."

Mzee Ngeleja alimtazama Masalu, akatazama rafu inayong'aa, akamgeukia shangazi. "Mayu Milembe, rudisha majina."

Shangazi hakuinuka. "Mzee, meneja amesema niliziharibu. Nikitoa majina ya watu kwenye kanda zilizoharibika, nitaitwa mchawi, na kwetu huku sitaki jina hilo. Kwanza afute kauli."

Bwana Danford akaikaza tai.

"Nafuta kauli yangu," alisema, kama mbunge aliyebanwa na kiti cha Spika.

Basi shangazi akaanza. Kwa kuwa tarehe hazikuwepo, kanda zote zilifanana kama sare za shule. Mashine husoma namba iliyo kwenye utepe wenyewe, na kanda isiyoitaka huitema. Ikatema. Bwana Danford, kwa amri ya mzee, akawa anabeba vikasha kutoka kwenye rafu. Ikatema tena. Jasho lilimtoka shangazi, na sasa hata mimi sikuwa na mzaha. Kama spiriti ilikuwa imeingia, ile barua ilikuwa inangoja sahihi tu.

Kanda moja ikaingia, ikakwama kimya, kisha ikaanza kuvuma. Kwenye kioo yakapanda majina: Nyanjige, Zagayu. Mayala, Kalemela. Marcelo, Ipililo. Yalipanda, yakapanda. Shangazi akajifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Ndiyo maana niliagiza usafi," alisema Bwana Danford.

Mzee Ngeleja alinyoosha fimbo kwenye kompyuta ndogo. "Na hiyo barua ya mayu?"

"Nifanyeje nayo, mzee?"

"Ifute."

Meneja aliweka kidole juu ya kitufe, akasita, akatutazama mmoja mmoja.

"Ifutweje, mzee?"