Hatua Kumi Juu ya Barafu

Siku kumi na tisa tangu Thabit arudi, mlango wa mama yake haukugongwa na mtu ila muuza kuni, na muuza kuni naye hakukubali kukaa.

Asiyemjua Bi Hamdiya hataona uzito wa jambo hili. Huyu ni mwanamke ambaye tangu Unguja birika lake la kahawa halikuwahi kupoa. Walipokimbilia huku Maskati mwaka wa sitini na nne, na masanduku mawili na mkeka, wiki haikwisha nyumba yao ya mtaa wa Matrah ikajaa watu, nusu yao hata majina hawajuani. Mtu akiposwa, akiachwa, akigombana na mkwewe, habari ilipita kwanza kwa Bi Hamdiya, ikapigwa pasi, ndipo ikatoka mtaani. Sasa Ijumaa mbili mfululizo alipika vitumbua, akafukiza udi, akakaa akitazama mlango. Vitumbua vililiwa na mbuzi wa jirani, na jirani mwenyewe hakuja hata kumfuata mbuzi wake.

"Mama, wana nini watu?" Thabit aliuliza, ingawa alijua.

"Wana midomo." Bi Hamdiya alikuwa akikunja jamvi. "Wanasema ulimuachia Suud mkono."

Suud alikuwa mwana wa Bi Shaikha, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Yeye na Thabit walinyonya mtaa mmoja, wakapigwa bakora chuo kimoja, na mwaka wa sitini na tatu wakapelekwa pamoja kusoma Urusi. Mwezi wa Machi, mwaka wa sitini na nane, Suud alizama chini ya barafu ya ziwa la huko. Thabit akabaki peke yake mpaka mwaka huu wa sabini, Maskati ilipofungua milango na walio nje wakaitwa nyumbani. Alipanda ndege. Lakini maneno hayangoji ndege. Mwanafunzi mmoja alipita Dubai akasimulia kwamba wale wawili walikuwa wameshikana mikono, na aliyetoka majini alikuwa mmoja. Hadi maneno yanafika Matrah yalikuwa yameshaota pembe na mkia.

Na ukweli ni kwamba Thabit hakuuachia ule mkono. Ushahidi alikuwa nao mfukoni: glavu ya Suud ya sufi ya kijivu, ya kulia, iliyobaki katika kiganja chake walipomvuta kutoka majini. Vidole vyake ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja.

"Kesho naenda kwa Bi Shaikha," alimwambia mama yake.

"Kesho Jumatatu. Jumatatu nyumba yake inajaa."

"Ndiyo maana naenda kesho. Wamenisema mbele za watu, nitajisafisha mbele za watu. Ijumaa birika lako litatoka moshi, mama."

Bi Hamdiya alimtazama kama mtu anayetazama mtoto akipanda mnazi. Hakumzuia.

Kesho yake baada ya alasiri Thabit alishika njia. Uchochoro ulikuwa mkavu, mawe matupu, na bado kila hatua aligonga kisigino kwanza kabla ya kuweka mguu. Watu walidhani ana mguu mbovu. Hawakujua kwamba miaka miwili na nusu hii hajapata kuiamini ardhi. Usiku godoro lake likilia kama barafu inayopasuka, huruka akajikuta amesimama ukutani.

Mlangoni kwa Bi Shaikha viatu vilikuwa vimepandana. Ndani kelele zilikuwa za sokoni. Alipobisha hodi na kutaja jina, zilikatika ghafla, na hapo, kutoka uani, akasikia: *krak*.

Alishika mwimo wa mlango.

"Ni barafu tu hiyo, tunavunja kwa ajili ya sharbati," ilisema sauti ya Bi Nasriya, jirani yake Bi Shaikha wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye chambilecho wenyewe, akikohoa yeye, Maskati nzima inajua ana mafua. "Pita, baba. Au huko Urusi hamkunywa baridi?"

Wanawake walijitanda kanga vizuri. Bi Shaikha alikuwa amekaa katikati, mwembamba kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alionesha mahali pa kukaa, mbele yake, na watu wote wakaona.

"Nimekuja kutoa tanzia," Thabit alisema. "Nimechelewa. Na nimekuja kukueleza ilivyokuwa."

"Eleza," Bi Nasriya alijibu, utadhani nyumba yake. "Sie tumesikia ziwa. Hatujafahamu mtu anatembeaje juu ya ziwa. Huo si muujiza?"

"Si muujiza, ni baridi. Maji yanaganda yakawa kama sakafu. Juu yake inashuka theluji, nyeupe, laini, inafika hapa." Aligusa paja. "Ukikanyaga unazama mpaka uchoke. Kwa hiyo tunafunga mbao ndefu nyembamba chini ya viatu, tunateleza. Mizigo tunaiburura kwa kigari kisicho na magurudumu."

"Makubwa! Na samaki?"

"Unatoboa tundu kwa mtaimbo, unakaa juu ya sanduku, unatia mshipi. Samaki wako chini, hai."

"Unakaa juu ya maji unamvua aliye chini ya miguu yako!" Bi Nasriya alijipiga kifua. "Walahi, mie na njaa yangu ningekula mkate mkavu."

Wakacheka. Hata Thabit alicheka. Aliendelea.

Aliwasimulia habari za mzee wa Kirusi, mvuvi waliyemwita Babu, aliyewachukua kila Jumapili kwa sababu walimchekesha. Babu alitangulia na mtaimbo, akipiga barafu mbele yake kila hatua mbili, akisikiliza. Barafu nene hujibu kwa sauti kavu. Barafu nyembamba hujibu kama ngoma iliyolowa. Na kibaya zaidi ni pale theluji inapokuwa nyingi, maana theluji ni blanketi: inaifunika barafu, inaipa joto, barafu inabaki nyembamba na wewe unaona weupe mtupu, salama u salimini.

Mtoto mmoja alilia akazibwa mdomo na mamake.

"Siku ile tulikuwa tunarudi. Mchana, saa nane hivi. Upepo ukainuka, ukaipeperusha theluji, mbingu na chini vikawa rangi moja. Babu yuko mbele, simuoni. Suud yuko nyuma yangu, simuoni. Nikasimama. Nilikuwa nasikia maji yakinguruma chini, na yale si mawimbi, ni barafu yenyewe inajinyoosha, inaguna. Mama Shaikha, sijapata kuogopa vile. Nikamwita Suud."

"Akaja?" mtu aliuliza.

"Akaja. Akanipa mkono."

Hapa ndipo palipokuwa na neno lake. Alikuwa amelipanga njia nzima. Babu alikuwa amewapa sheria moja tu tangu siku ya kwanza, na kila Jumapili aliirudia kwa kidole puani mwao: juu ya barafu kila mtu peke yake, hatua kumi kati ya mtu na mtu, na hata ndugu yako akilia usimshike mkono, maana barafu inayombeba mmoja haiwabebi wawili. Lakini wao watoto wa Unguja, toka lini wawili wanaofuatana njia moja wakaenda mbalimbali kama waliogombana? Babu akigeuza mgongo, wameshikana. Siku ile walishikana, wakaenda hatua nne. Barafu ikalia kama ngoma iliyolowa, theluji chini ya miguu ikageuka kijivu, kisha nyeusi. Hakuuachia mkono. Laiti angeuachia, laiti asingemwita kabisa, Suud angekuwa hapa leo anakunywa sharbati. Hilo ndilo alilotaka kusema. Aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ile wanayomzulia, lakini ilikuwa yake.

Alifungua mdomo. Bi Nasriya akamuwahi.

"Alimpa mkono! Mnasikia? Mtoto alishika wasia!" Aligeukia wenzake, machozi tayari. "Mie nlikuwepo bandarini Unguja siku wanaondoka. Bi Shaikha kawashikanisha mikono kwa mikono yake, kawaambia: nchi ya watu, msiachane mkono, hata iweje msiachane mkono. Si ndivyo, Bi Shaikha?"

"Ndivyo," Bi Shaikha alisema polepole. "Niliwaapisha." Alikuwa anamtazama Thabit, na macho yale yalikuwa na kitu ambacho Thabit hakukielewa. Alidhani ni chuki. "Haya, baba. Akakupa mkono. Kisha?"

*Krak*, barafu uani.

Thabit aliona ufa ukipita katikati ya chumba, chini ya mkeka, mpaka miguuni mwa yule mama. Akizitaja tu hatua kumi, kila mwanamke humu ndani atahesabu mwenyewe: waliambiwa waachane wakashikana, na aliyewashikanisha ni nani. Kufika magharibi mtaa mzima utakuwa unasema Bi Shaikha kamuua mwanawe kwa mdomo wake. Watu watakuja bado, ndiyo, watakuja wengi, wamtazame.

Akafikiria birika la mama yake. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeifumbata glavu.

Alimeza mate.

"Kisha barafu ikapasuka," alisema. "Na mimi nikamuachia."

Pumzi ya chumba kizima iliingia ndani isitoke. Bi Nasriya alijifunika mdomo kwa kanga. Msichana aliyekuwa anakuja na sinia la sharbati alisimama, akamtazama Bi Shaikha, akageuka, akarudi nalo uani.

"Nisamehe, mama." Thabit aliinuka.

Bi Shaikha naye akainuka. Watu wakashangaa, lakini mgeni ni mgeni, hata akiwa nani husindikizwa mpaka mlangoni. Alimfuata kizingitini, akaliteremsha pazia nyuma yao.

"Ukisema uongo unameza mate," alisema kwa sauti ya chini. "Toka una miaka sita."

Bi Shaikha alipekua kibindoni mwake akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika mikunjo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa Suud.

"Kaniandikia juma moja kabla. Ilizunguka Misri, ikazunguka Bahreni, ikanifikia mwenyewe ameshakufa miezi mitatu." Hakuitazama. Aliisema kwa moyo. "'Mama, yule babu anatugombeza. Anasema juu ya barafu tuachane hatua kumi, tusishikane mikono. Nimemwambia mie nna wasia wa mama yangu. Babu katema mate chini.'"

"Basi ulikuwa unajua," Thabit alinong'ona.

"Nlijua. Wao wanasema Thabit kamuachia, mie nnanyamaza. Nasriya analia, nnalia naye. Uliposema theluji ni blanketi inayofunika, nikadhani unanisema mimi." Aliirudisha karatasi kibindoni. "Tangu niliposikia umeteremka kwenye ndege silali, mwanangu. Kila hodi nnasema ndiye, kaja kuniumbua. Nlikuwa nnakuogopa kuliko Izraili."

Thabit alitoa glavu akampa. Bi Shaikha aliigeuza, akainusa, kisha akaivaa. Ilikuwa kubwa, vidole vikalegea mbele. Kwa mkono huohuo akamshika Thabit.

"Twende ndani."

"Mama, acha. Watakusema."

"Watanisema. Mie nimewasema wangapi?"

Akafunua pazia.

Kutoka kizingitini hadi katikati ya chumba hapakuzidi hatua kumi. Nyuso zote ziligeuka, zikaiona glavu, zikaiona mikono. Thabit alitaka kuuvuta mkono wake, akashindwa. Akagonga kisigino. Akaweka mguu. Akagonga tena. Sakafu ilimjibu kwa sauti kavu, lakini hakuiamini, hata kidogo.

"Nasriya," alisema Bi Shaikha, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, "mletee Thabit sharbati yake. Kisha kaa vizuri. Nyie mmesikia mkono tu. Hamjasikia wasia ulifanya nini."

Bilauri ililetwa. Barafu iligonga kioo. Thabit alikaza macho mkekani, akingoja ufa, na yule mama alianza kusema bila ya kumuachia mkono.