Jiko Lililoingia Chumbani

Mie moto nauogopa, na siku ile niliuogopa kwa kelele mno. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka ya wapangaji wangu pale Temeke, mwaka ule tulipoambiwa Mfalme kafa huko kwao na sasa tuna Malkia. Projestus, karani, mtu wa Bukoba, alinunua beberu, akamwomba mume wangu Masoud amchinje ili na sie Waislamu tule. Adabu hiyo alikuwa nayo. Akili ya moto hakuwa nayo hata chembe.

Nilimkuta uani, jiko kaliweka chini ya banda langu la makuti, kalishindilia maranda aliyookota kwa maseremala wa Keko, na chupa ya mafuta ya taa iko mkononi. Makaa yameshashika, naye anataka kuongeza mafuta!

"Wee Projestus! Unataka kutuchoma tungali hai?"

"Shikamoo, Mama. Moto umezubaa, nauchangamsha kidogo tu."

"Marahaba ya nini! Lete chupa hiyo. Mafuta hayamwagwi juu ya makaa yanayowaka, moto utakurukia usoni. Na jiko litoke hapa chini ya makuti. Liweke katikati ya ua, ndoo ya maji iwe karibu, na mtoto akae mbali."

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mamake, Apolonia, aliyesimama kando akinikodolea macho. Felicitas, miezi sita. Mie Mungu hakunijalia kuzaa, na yule nilimpokea kwa mikono yangu hii. Bibi yake yuko Bukoba, safari ya gari moshi na meli, kwa hiyo uzazi wa Apolonia niliulea mie siku arobaini nzima. Feli akiniona tu hurusha miguu kwa furaha. Nilimpenda kuliko nyumba, kuliko duka, na Masoud anisamehe.

Nikaondoka na chupa yangu, bado nabwata. "Nikiliona tena jiko bandani, mtatafuta nyumba nyingine!" Nilisema hivyo hivyo, sikusingiziwa.

Alasiri Masoud akaenda msikitini, na mvua ya masika ikashuka bila hodi. Nikachungulia uani. Jiko halipo. Bandani pia halipo. Nikafurahi mie! Nikasema, leo wamenisikia. Nikaketi kusubiri sahani yangu ya nyama.

Sahani haikuja. Nikanuna. Nikasema, ehe, nimewaambia neno moja tu, wamesusa. Nikamsikia Feli akilia kidogo, kisha akanyamaza. Mvua inapiga bati na mie nimevuta mdomo, siendi kwa mtu.

Ndipo ikanijia harufu ya nyama inayoungua. Nikangoja nimsikie Apolonia akimkemea mumewe, maana ulimi anao. Kimya. Harufu ikazidi. Nyama inateketea humo ndani ya nyumba yangu, na hakuna mtu anayeigeuza.

 Nikaenda mbio hadi mlangoni kwao.

"Apolonia! Apolonia wee!"

Mlango una komeo kwa ndani. Dirisha wamelifunga na kulishindilia magunia, mvua isiingie. Nikagonga kwa viganja viwili.

"Projestus! Fungueni, wanangu! Sina hasira mie, fungueni!"

Hakuna aliyejibu. Nikapiga yowe, nikakimbilia mchi wa kinu. Niliupiga ule mlango, Yarabi, huku nikisema Feli, Feli, Feli, na sijui kama nilikuwa naomba dua au nawehuka. Pigo la nne au la tano komeo likang'oka.

Moshi mwenyewe haukuwa mwingi, ni wa nyama tu. Jiko liko sakafuni, makaa mekundu, mazuri kabisa. Projestus kalala kando yake, koleo iko mkononi. Apolonia kaegemea kitanda, kichwa kimening'inia. Nikaziba pumzi, nikapasua chandarua, nikamchukua mtoto.

Alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Nikatoka naye mvuani, nikamlaza mapajani, uso juu, matone yakimpiga. Jirani yetu Mwishehe, seremala, alikuwa amesikia yowe langu. Akanipita mbio, akamburuta Apolonia nje, akarudi kwa Projestus. Mie sikugeuka kuwatazama. Nilikuwa natazama kifua kile kidogo, na kifua hakipandi.

"Nichukue mie," nikamwambia Mungu. "Mie ndiye mzee."

Nikampulizia kinywani. Nikampulizia tena. Akakohoa. Akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kilio chembamba, na mie nikalia kwa sauti kumshinda.

Apolonia alizinduka akitapika, kisha Projestus, kashika kichwa kwa mikono miwili. Tuliwakalisha bandani, chini ya makuti yangu. Hofu ikitoka kwangu hutoka kwa ukali.

"Nani alikwambieni jiko la mkaa linafungiwa chumbani? Nani?"

Apolonia akanitazama kwa mshangao. "Si wewe, Mama?"

"Mie?"

"Nilipojifungua si uliniwekea jiko chini ya kitanda, siku arobaini? Leo Projestus alisita. Nikamwambia ingiza tu, Mama mwenyewe alikuwa ananiwekea."

Nilimwekea, kweli. Ndivyo tunavyompasha moto mzazi sie watu wa pwani, kama mama alivyonifundisha. Na mama alinifundisha pia kwamba makaa yakifungiwa yanaua watu usingizini, bila hata moshi. Ndiyo maana siku zote zile nilikaa kizingitini, mlango wazi, simruhusu mtu aufunge.

"Na mlango?" nikamuuliza. "Hukuona nauacha wazi?"

"Niliona," akasema. "Nilidhani ni kwa ajili ya wageni wanaokuja kumwona mtoto."

Asubuhi nilibwata maneno yote yale, na hili la mlango sikuwahi kumwambia.

"Tusamehe, Mama," akasema Apolonia. "Hatukutaka kukuchomea banda."

Feli alikuwa kifuani pangu, bado analia. Sikumbembeleza. Nilimwacha alie, nimsikie akivuta pumzi.