Kidoti cha Buluu

Pale saluni wateja walimwita Setelaiti, wala hakukasirika. Alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi, lakini mteja akishaingizwa tu kichwa kwenye mashine ya kukausha nywele, yeye alikuwa ameshachomoa simu kwenye mfuko wa aproni na anakuza kwa vidole viwili picha ya bwawa kwenye ramani ya setelaiti. Alikuwa anatafuta samaki.

"Unaona hapa?" alimwambia wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. "Maji yakiwa meupe-meupe hivi, hapana kina. Yakikolea kama wino, hapo ni shimo. Samaki wakubwa wanakaa mpakani, weupe unapokutana na weusi."

"Umewauliza?"

"Wamenijibu wiki iliyopita. Ukala, ukalamba na vidole."

Hilo nesi hakuweza kulikana. Alikuwa ameanza kufuatana na wifi yake kwa ajili ya ukimya tu. Baada ya zamu nzima ya kuitwa "Sista! Sista!" kila kona, kukaa na mshipi majini bila mtu kumwita ilikuwa raha isiyo na mfano. Lakini kuogelea hakujua hata kidogo, na siku zote alikaa hatua kadhaa nyuma ya ukingo.

Safari hii Setelaiti alikuwa amegundua pahali papya. Nyuma ya bwawa la maji ya mji, upande usio na barabara, picha ilionyesha uwanda wa kijani kibichi, umenyooka kama kiwanja cha mpira, unakwenda mpaka kwenye maji meusi kabisa.

"Unatembea kwenye majani, unatupa ndoano shimoni," alisema. "Hata viatu havilowi."

Asubuhi hiyo, katika nyumba waliyoishi wote watatu, kaka mtu alikuwa uani akipiga pasi mashati yake. "Mnaelekea wapi leo?"

"Palepale pa siku zote," Setelaiti alijibu haraka. Walipofika nje akamnong'oneza nesi, "Mumeo nampenda, lakini mdomo wake hauna kifuniko. Kesho mji mzima utakuwa pale."

Waliacha pikipiki karibu na uzio wa zamani, wakapenya penye tundu, wakaufuata ule uwanda. Ulikuwa wa kijani kweli, majani yamefika magotini, na katikati yake vijiua vya zambarau. Nesi alihisi kila akikanyaga, majani ya mbele yake yananyanyuka kidogo.

"Wifi, ardhi inacheza."

"Mvua za juzi hizo. Tembea, acha uoga."

Walifika ukingoni. Maji yalikuwa meusi kama yalivyokuwa kwenye simu. Setelaiti alitupa ndoano, na haikupita muda fimbo ya kuvulia ikapinda, akavuta samaki mnene anayerusharusha mkia. Akacheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka nyuma yao. Nesi aliona raha, akatoa simu yake ili naye atazame ile picha, aone wamekaa wapi hasa.

Kidoti cha buluu kilichoonyesha walipo hakikuwa kwenye kijani. Kilikuwa ndani ya weusi.

Akafikiri simu imekosea. Akaifunga, akaifungua tena. Kidoti kilikuwa kimesogea mbele zaidi. Yeye alikuwa ameketi, hajainua hata unyayo.

Aligeuza shingo polepole. Kati yao na uzio palikuwa na maji. Si kijito cha kuruka. Maji mapana, yenye mawimbi madogo, na pikipiki yao ng'ambo imekuwa kama ya mwanasesere.

"Wifi," alisema. "Wifi, hii si ardhi."

Setelaiti alitazama nyuma, akaelewa mara moja. Yale yalikuwa magugu maji, yameshikana mizizi mpaka nyasi zikaota juu yake, na kipande walichokalia kilikuwa kimekatika. Aliangusha fimbo, akakimbia kuelekea uzio. Hatua ya tatu majani yalifunguka chini yake, akazama mpaka kwapani. Simu yake ikaenda.

"Nivute! Miguu haigusi kitu! Hakuna chini, wifi, hakuna chini!"

Kila kiungo cha nesi kilimwambia akae palepale. Alilala kifudifudi, akajiburuta kama mtoto anayeanza kutambaa, huku maji ya baridi yakipanda kati ya majani na kumlowesha kifua. Alivua mtandio, akamrushia ncha moja. Akavuta. Kadiri alivyovuta, ndivyo pale alipolala palivyodidimia.

"Usirushe miguu," alisema, kwa ile sauti ya wodini ambayo hakujua kama bado anayo. "Pumua. Lala kwa tumbo. Njoo taratibu, mama, njoo taratibu."

Setelaiti alitoka, kidogo kidogo, amejaa mizizi hadi shingoni. Wakabaki wamelala wakitazamana, hakuna aliyethubutu kukaa. Nesi alimpigia mumewe.

"Tuko bwawani, juu ya magugu. Yamekatika, yanaelea."

"Bwawani wapi? Msitoke hapo, nakuja!"

"Hapa penyewe panatembea, mume wangu!"

Alimtumia mahali walipo, na kabla ujumbe haujafika kidoti kilikuwa kimeshapahama. Kisha simu ikaisha chaji.

Hapo ndipo woga ulipowakaa sawasawa. Hapakuwa na la kufanya. Pembeni vipande vilikuwa vinamegeka bila kelele, kimoja baada ya kingine, na samaki aliyevuliwa aliteleza akarudi majini. Setelaiti alikuwa analia bila sauti.

"Nimekuua, wifi. Kaka atanitazama vipi?"

"Nyamaza. Hujaniua bado."

Walishikana mikono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Kaka mtu, kwa mdomo wake usio na kifuniko, alikuwa amepiga kelele kwa kila aliyemjua, mpaka habari ikawafikia mafundi wa idara ya maji wanaosafisha magugu kwenye bwawa. Boti yao ilikuja ikinguruma kutoka upande wa ukuta wa bwawa. Fundi mmoja aliwanyooshea mti mrefu, akawaonya wasisimame. Nesi alipovutwa ndani ya boti, kile alichokuwa amelalia kikagawanyika vipande viwili.

Nyumbani walioga, wakapewa chai. Mume hakugomba, alikaa mlangoni na kuwatazama tu. Jioni nesi alipanda kitandani, godoro likabonyea chini ya mgongo wake, akaruka na ukelele. Akaenda sebuleni, akatandika shuka kwenye sakafu ya saruji, akalaza shavu lake palepale palipo pagumu.

Baadaye kidogo mlango ulisukumwa. Setelaiti aliingia na mto wake kwapani.

"Wifi," alisema, "nisogezee nafasi."