Kipaza Sauti cha Stesheni

Mtangazaji wa stesheni alikuwa amechoka kuwaomba abiria radhi kwa uzembe wa wakubwa. Asubuhi hiyo gari la mkurugenzi wa reli liligoma, naye akajikuta akingoja treni pamoja na walalahoi. Uvumilivu ulipomwishia, akaingia kwenye kibanda cha matangazo, jasho likimtiririka.

“Dada, treni iko wapi?”

“Imechelewa, bosi, kama kawaida.”

Dada alijua kazi yake ingeweza kuota mbawa. Hata hivyo, kidole kikateleza chenyewe, kikawasha kipaza sauti.

“Upuuzi gani huu?” mkurugenzi akafoka, stesheni nzima ikamsikia. “Nani anaendesha reli hii?”

“Si ni wewe!” abiria wakamjibu kwa pamoja.

Akamgeukia dada. “Nakufukuza kazi!”

Hilo nalo likasikika hadi ng'ambo ya reli.

“Thubutu!” wakaitikia, wakianza kukizunguka kibanda.

Mkurugenzi akakiinamia kipaza sauti. “Nilikuwa natania, jamani.”