Darubini ya Mwalimu Leonardi

Ijumaa mchana, fundi Revelian alifungua jokofu la samaki waliloliazima, akapepea mvuke mweupe wa barafu kavu, akaitoa fremu ya mbao waliyokuwa wakiijaribu kwa baridi. Ndani ya fremu hiyo ingefungwa darubini ya kutazama jua, ipandishwe na puto kilomita thelathini juu, kwenye baridi inayogandisha kila kitu. Jumapili lori lingeibeba kwenda Singida kurushwa.

"Imetoka salama," alisema Rukaiya, mhandisi aliyesimamia kazi ile. Kwa miezi mitano alikuwa akishinda kwenye karakana ya Revelian ya useremala, Keko.

Revelian alishika pembe mbili za fremu, akaipinda kidogo. Ikalia, ka! Gundi ya kiungio kimoja ilikuwa imepasuka.

"Tutie skrubu hapo, twende," Rukaiya akasema haraka.

"Dada, kimoja kimeachia, vingine vitafuata. Gundi niliichagua mie. Nilidhani itahimili. Nimekosea."

"Safari yenyewe ni saa tano tu. Haiwezi kushika saa tano?"

"Labda. Ila ikiachia huko juu, chini kuna watu."

Rukaiya akakaa kwenye kitanda ambacho hakijapigwa vanishi. Kibali cha kurusha kilikuwa cha siku tatu. Kikipita, wangesubiri miezi miwili. Na Mwalimu Leonardi, aliyemfundisha fizikia, aliyeibuni darubini ile na kukisugua kioo chake kwa mikono yake mwenyewe, hakuwa na miezi miwili. Madaktari walikwishawaambia ndugu zake.

Jioni alikwenda kwa Mwalimu, Mbagala. Alimkuta Noela, binti wa mzee, akimnywesha uji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnarusha lini?"

Njiani Rukaiya alikuwa ametunga uongo mdogo. Akauacha.

"Bado, Mwalimu. Fremu imeshindwa na baridi. Tukiunda upya, ni mwezi wa tisa."

Noela akaweka bakuli chini. "Si mngeirusha hivyo hivyo, Rukaiya? Baba aione."

Mzee alifumba macho. Walidhani amelala.

"Ina uzito gani sasa?" akauliza.

"Kilo arobaini na mbili."

"Kilo arobaini na mbili zikimwangukia mtu shambani kwake, mie nitakuwa nimeona nini?"

Noela akatoka nje, akasimama uani akilia kimya. Mwalimu akaomba karatasi. Alichora viungio vipya vya boliti, Rukaiya akimshikia ubao. Kwenye kiungio cha nne alichoka, akamkabidhi penseli.

"Malizia wewe."

Alifariki siku kumi na tisa baadaye. Jeneza alilichonga Revelian.

Mwezi wa tisa, puto lilipaa Singida asubuhi yenye utulivu. Noela alikuwepo, amejifunga kanga nyeusi. Lilipopotea machoni, Rukaiya alitamani kufurahi, akashindwa. Alasiri darubini ilishuka kwa mwavuli kwenye shamba la alizeti lililokwishavunwa. Fremu haikuachia popote.

Noela aliomba kuona picha. Rukaiya akamfungulia kompyuta: duara jeupe la jua, na madoa matatu meusi pembeni.

"Ndiyo hii aliyokuwa anaisubiri?"

"Ndiyo hii."

Noela akauliza yale madoa ni nini, na Rukaiya akavuta kigoda, akaanza kumweleza.