Kuni za Mpera wa Marehemu

Mpera waliukata wale wa ofisi ya barabara. Walisema barabara inapanuliwa. Mpaka leo barabara ni ileile na mashimo yake, ila mpera haupo. Waliubwaga vipandevipande mlangoni kwangu, wakapanda gari lao wakaenda zao. Hao ndio wakubwa wetu.

Mti ule aliupanda marehemu mke wangu. Matawi aliyopunguza ndiyo tuliyokaushia samaki wa kuuza. Kuni zilikuwa kazi yake, yangu ilikuwa samaki na pipa la kuwakaushia kwa moshi. Sasa hizi ndizo zilikuwa za mwisho, na sikutaka kipotee hata kijiti. Mvua ilikuwa inanukia. Nikarundika magogo uani, nikayafunika turubai, nikakaza kamba pande zote. Nikajiona nina akili.

Mvua ilipokatika baada ya wiki kadhaa, shemeji alikuja kunijulia hali. Ni dada mkubwa wa marehemu. Hata kiti hakukitaka, alisimama uani ananusa.

“Shemeji, humo umefuga nini?”

“Kuni.”

“Kuni gani zinanuka soksi?”

Nikafungua. Fukuto likanipiga usoni. Magogo yameota ukungu, mengine uyoga kabisa. Nikakaa chini, nikaanza kuwataja wenye kosa: ofisi ya barabara, diwani, na aliyempigia diwani kura.

“Kamba alifunga diwani?”

Nikaanza kuikunja kamba.

“Haya, lete shoka. Kuni mbichi inatoa maji, wewe umeivalisha koti. Jasho litatokea wapi?”

“Marehemu ndiye aliyekufundisha haya?”

“Mimi ndiye niliyemfundisha. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?”

“Samaki.”

“Walikuwa na bahati, hao samaki.”

Nilicheka. Nilikuwa nimeshasahau kwamba naweza.

Mimi nikapasua, yeye akabandua magome kwa panga. Gogo zima, alisema, hukauka juu tu, moyo unabaki mbichi. Kumbe ukungu mwingi ulikuwa kwenye gome. Yaliyooza mpaka ndani tukayatupa, yakabaki zaidi ya nusu. Tukapanga vipande juu ya matofali chini ya upenu wa jiko, safu hii hivi, safu ya juu yake ikiikatiza, na nafasi ya ngumi katikati. Juu bati, pembeni upepo.

Kiangazi nikashikwa na haraka. Akaja, akagonganisha vipande viwili. Vikatoa mlio mzito, kama mtu anayegonga godoro.

“Bado. Ukiziwasha hizi utauza masizi.”

Nikangoja. Aliporudi tena, ncha zilikuwa zimepasukapasuka, na vipande vikalia kama vikombe. Akanikabidhi, akaenda zake.

Nikawasha. Moshi ulitoka mwembamba, haukuniliza, ukabeba harufu ileile ya mapera. Samaki wakashika rangi ya chai ya rangi. Wa kwanza sikumuuza. Nilimfunga kwenye karatasi nikampelekea shemeji, akamla palepale mlangoni, ananyonya mpaka miiba.

Tangu msiba, kila nikimshukuru mtu nilikuwa natia “lakini”, kisha nawashukia wakubwa. Safari hii nilisema, “Asante, shemeji,” nikafunga mdomo.

Alinitazama, anangoja yaliyobaki. Alipoona hayaji, akanisogezea karatasi.

“Kimebaki kichwa. Kula na wewe.”