Siku ya Kosa

Mke wangu aliniambia tukiwa tumeshafika kwenye geti la shule, tena kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Nimemnyooshea mtoto ule mshono."

"Mshono upi?"

"Wa mkoba aliokushonea. Ule wa mfuko wa ndani, uliokuwa umekwenda kombo. Jana alipokuwa anaoga niliufumua, nikashona upya, nikapiga pasi, nikaufunga kwenye karatasi. Hata mwenyewe hatajua."

Nilisimama pale pale. Asiyeijua shule hii anaweza kudhani mke wangu alifanya jambo la maana, kwa hiyo naomba nieleze kwanza.

Binti yetu ana miaka kumi na mitatu. Utotoni alikuwa na maneno mengi hata tukambandika jina la Chiriku, na hata wateja waliokuja kushonesha kwa mama yake walikuwa wanamwita hivyo. Halafu katika shule yake ya zamani aliitwa mbele kusoma kwa sauti, akakwama, darasa zima likamcheka, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku ile alianza kufunga mdomo. Kwanza shuleni, baadaye nyumbani. Ukimuuliza jambo anakuitikia kwa kichwa, ukimbana sana anakwambia "sijui" na kwenda chumbani kwake. Jina likabaki, ndege hatumsikii.

Ndipo nikamhamishia hapa. Wana programu ya watoto wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na minne, umri ule ambao mtoto ukimwita mtoto ananuna na ukimwita mtu mzima anaogopa. Programu yenyewe inaitwa Mtoto Mzima. Mke wangu alipolisikia jina hilo aliuliza kama shule nyingine huchukua nusu. Asubuhi wanasoma hesabu na sayansi kama kawaida, mchana wanaingia karakana, jikoni, bustanini au kwenye vyerehani, na kabla ya kurudi nyumbani wanakaa kwenye duara, kila mmoja anasema siku yake ilikwendaje. Asiyetaka kusema ananyamaza, na kimya chake kinasikilizwa vilevile. Kwenye mitihani hakuna wa kwanza wala wa mwisho. "Nimepeleka mtoto akasome, naletewa nyanya," mke wangu alilalamika, ingawa nyanya zenyewe alizipika.

Kwenye mkutano wa kwanza, mwalimu wa karakana, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alituketisha wazazi nyuma ya watoto wetu waliokuwa wanapigilia misumari. Akatuambia tukalie mikono yetu. Hakuwa anatania. Viganja chini ya mapaja, mzazi anatazama mtoto wake akipinda msumari bila kumsaidia. Mke wangu alivumilia msumari mmoja. Wa pili ulipopinda aliinuka, akachukua nyundo. Tulicheka sana, na yeye akacheka.

Sasa hiyo Siku ya Kosa. Mwisho wa mwaka kila mtoto anasimama mbele ya wazazi na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, anaonyesha mahali alipokosea na kueleza kwa nini alikosea. Sharti ni moja tu, kosa lisiguswe. Mimi ni fundi friji, makosa ya vitu ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo niliipenda siku hii kabla sijaiona. Mke wangu ni fundi cherehani. Yeye alisema, "Kujikwaa si kuanguka, sawa. Lakini ni nani anaita wageni waje kumtazama akijikwaa?"

Na tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye. Chiriku akisimama na kusema, anabaki. Akishindwa, muhula ujao anakwenda shule ya bweni, ile aliyosoma shangazi yake, ambako kengele inalia na watu wananyooka. Nilikubali kwa sababu mara mbili kwenye duara Chiriku alikuwa amefungua mdomo, akaufunga, akatoka nje mbio.

Lakini wiki nzima iliyopita nilimsikia. Nilikuwa napita kwenye korido, naye yuko chumbani amejifungia, anaongea na kioo cha kabati. "Mkoba huu nimemshonea baba, awekee spana zake. Hapa ndipo nilipokosea." Anaanza tena. "Hapa ndipo nilipokosea." Nilisimama pale na bisibisi yangu mkononi, sitaki hata kukohoa, na nitasema ukweli, machozi yalinilenga.

"Mke wangu," nikamwambia pale getini, "leo anatakiwa aonyeshe kosa."

"Si ataonyesha lingine? Mkoba mzima ule haukosi kasoro." Akashusha sauti. "Wateja wangu wawili wamo humo ndani, Baba Chiriku. Mtoto wa fundi asimame na mshono wa namna ile? Wakimcheka tena, je?"

Hapo sikuweza kumkasirikia vizuri. Lile la wateja alilisema kwa mdomo, lakini la mwisho lilitoka ndani. Alikuwa anaogopa kile kile nilichokuwa naogopa, isipokuwa yeye mikono yake haijui kuogopa ikiwa imetulia.

Nilitaka kumpigia simu mtoto, nikakumbuka simu zao ziko kwenye kapu la mlangoni, na yangu nayo ikadaiwa ikatiwa humo humo. Nikamfuata yule mwalimu wa karakana.

"Mwalimu, nahitaji kumwona binti yangu mara moja."

"Wako kwenye duara, Baba. Wakiwa kwenye duara hatuingii."

"Ni dharura."

"Kuna mtu anaumwa?"

Nikafikiri. "Bado," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani, akanishika bega kama anayemshika mgonjwa. "Kaa ukalie mikono, Baba. Watafika salama."

Nikakaa. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, meza moja mbele, na pembeni vyerehani viwili vya miguu ambavyo mke wangu alivikagua kwa macho kabla hajaketi. Msichana mmoja alileta keke iliyokataa kuumuka, akaeleza kwamba alifungua oveni kila alipopata wasiwasi. Mvulana mmoja alileta kigoda kinachoyumba, akasema alipima miguu mitatu, wa nne akaukisia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natokwa jasho hadi kwenye magoti, na kila mtoto aliyemaliza nilimchukia kidogo kwa kumaliza haraka.

Halafu akaja Chiriku. Akaweka kifurushi mezani, akavuta pumzi.

"Mkoba huu nimemshonea baba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitufikia. "Awekee spana zake."

Akafungua karatasi. Akapindua mkoba, akautoa nje mfuko wa ndani, akaweka kidole.

"Hapa ndipo," akasema, akanyamaza.

Kidole kilipita juu ya mshono, kikarudi. Mshono ulikuwa umenyooka kabisa. Alitazama upande wa pili, akatazama tena ule wa kwanza. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kimya kile nilikijua, ndicho tunachokula nacho mezani nyumbani, na nilikiona kinampanda usoni mwanangu mbele ya watu wote. Akautazama mlango.

Mke wangu alinishika mkono. "Baba Chiriku," akaninong'oneza, "nimefanya nini?"

Nilikuwa nimeshainuka nusu, tayari kusema kwamba mtoto hana hatia, kwamba ni sisi. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa amekalia mikono yake, na mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Nikarudi kukaa.

Chiriku akauinua mkoba, akausogeza dirishani penye mwanga. Akauchunguza kwa karibu, pua yake karibu iguse kitambaa. Halafu akageuka. Hakunitazama mimi.

"Mama, una ule mkasi wako mdogo?"

Mke wangu hatoki nyumbani bila mkasi. Aliutafuta kwenye pochi, akaupeleka mwenyewe, na alipofika pale akakishika kitambaa ili amsaidie.

"Kaa tu, Mama," Chiriku akasema, kwa adabu kabisa.

Mke wangu akarudi kukaa. Na mtoto akaanza kufumua, kipande kwa kipande, tukiusikia mkasi unavyokata uzi. Kazi ya mama yake ni imara, kwa hiyo ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza alipangusa nyuzi, akaukunjua mfuko na kuubana kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita.

Mkoba ulikuwa wa turubai, na turubai si kitambaa laini. Sindano ikishapita, tundu linabaki. Palionekana mistari miwili ya vitundu. Mmoja umenyooka. Mwingine ulikwenda nao sambamba, halafu katikati ukaiacha njia na kuishia ukingoni.

"Huu ulionyooka ni wa Mama," Chiriku akasema. "Huu uliopinda ni wangu."

Watu wakacheka. Nilishtuka, lakini yeye alisubiri wamalize.

"Ulianza vizuri. Hapa ndipo nilipokosea. Hapa niliinua macho nimtazame mwalimu, kama amekasirika. Hakuwa amekasirika. Lakini mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga." Akameza mate. "Hata nyumbani, nikitaka kusema kitu, naangalia kwanza uso wa Mama. Nikishaangalia, maneno yanapinda. Basi nanyamaza."

Mke wangu aliinamisha kichwa, akakiinua tena kwa sababu mtoto alikuwa bado anaongea.

"Sasa naushona upya," Chiriku akasema.

Akaketi kwenye cherehani cha pembeni, akatunga uzi, akakosa, akatunga tena. Akaweka kitambaa. Hata mimi nisiyejua kushona niliona amekivuta mno kulia, na mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Mikono yake ikainuka kutoka mapajani, vidole vikavuta hewa kwenda kushoto, vinamnyooshea mtoto kitambaa kutoka mbali. Akaitazama mikono hiyo. Akainua paja moja, akaingiza mkono mmoja, akainua la pili, akaingiza wa pili, akaikalia kwa uzito wake wote.

Cherehani kikalia. Mshono ulipokaribia kona ulipinda tena kidogo, na Chiriku hakuinua macho.